Shoka Ambalo Baba Yako Hakulishika

Barasa, mtoto wa dada yangu,

Wamekuua mara ya pili, na safari hii wamekuulia bafuni. Bafu lenyewe jeupe, refu kama hori la kunyweshea ng'ombe, ndani ya hoteli ambayo hata mimi niliyezunguka Kenya hii yote sijawahi kuiona. Umelala humo na viatu, maji yanafurika hadi kwenye zulia, kichupa cha vidonge kinaelea kama bata. Nje mashabiki wanaimba wimbo wako. Halafu mvua inaanza kunyesha. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele kabisa. Nikasimama nikasema, "Si hivyo, bana," na mtu wa nyuma akaniambia mzee keti, tumekuja kuona filamu, hatukuja kuona kisogo chako.

Wewe ulikufa kwa figo. Saa nne asubuhi, wodi ya wanaume, Bungoma, jua linawaka, mama yako amekushikia kikombe cha uji wa wimbi. Neno lako la mwisho ulisema uji hauna ndimu. Nilikuwepo. Nikatoka mbio kutafuta ndimu, na niliporudi nayo walikuwa wameshakufunika. Sijaona filamu hata moja ambamo mwanamuziki wa roki anakufa akingoja ndimu.

Lakini bafu si kitu. Hilo bafu ningelizoea. Kinachonifanya nikae hapa Sirisia kwenye meza ya dada yangu, na kalamu ya baba yako mkononi, ni shoka. Nitafika hapo. Niache nianze mbali kidogo, unajua mimi siwezi kuanza karibu.

Unakumbuka kibanda changu cha video kule Kitale, nyuma ya soko. Mabati, mabenchi, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na mimi kando na maikrofoni nikitafsiri. Watu walikuwa wanatoka mpaka Kapenguria kuja kunisikia. Sawa, mmoja alitoka Kapenguria. Na Kiingereza changu cha darasa la sita, nilikuwa nashika neno moja kati ya kumi, na yale tisa nilijaza mwenyewe, na watu walirudi kwa sababu ya yale tisa. Wewe ulikuwa unakuja likizo. Wenzako walitaka karate. Wewe ulitaka zile za wanamuziki wa roki, wazungu wenye nywele ndefu na suruali za kubana mpaka unashangaa walizivuaje. Tulizitazama mpaka kanda zikachakaa, sura zikawa kama zinatazamwa kupitia maji.

Na zote zilikuwa moja. Wewe ndiye uligundua, una miaka kumi na moja, miguu haijafika chini kwenye benchi. Ukaniambia mimi mjomba wako, "Khocha, hawa watu wote walizaliwa na baba mmoja." Nilicheka siku nzima. Lakini ni kweli. Kila filamu ilianza na mwimbaji amesimama gizani nyuma ya jukwaa, watu wanapiga kelele, halafu akili yake inarudi utotoni, na huko utotoni kuna baba anayechukia muziki. Baba anavunja kitu. Mtoto anakimbia nyumbani, anatunga wimbo kwa dakika tano, anatajirika, bibi anarusha sahani, meneja anamwibia, anaingia kwa madawa, marafiki wanamhepa. Halafu anarudi kwenye jukwaa kubwa kuliko yote, na yule baba amesimama katikati ya watu analia. Niliujua mpangilio huo hadi nikawa natafsiri kabla mtu hajafungua mdomo.

Sasa. Miezi sita baada ya kukuzika walikuja vijana watatu kutoka Nairobi. Mkubwa wao ni msichana mwenye nywele rangi ya chungwa, mwongozaji wa filamu, mwenye adabu kabisa. Akasema anataka kutengeneza filamu ya maisha yako, kwa sababu upande huu wetu wote hakuna mwingine aliyepeleka roki mpaka Ujerumani. Akauliza nani alikujua tangu mdogo na anaweza kuongea. Mama yako akaonyesha mimi kwa kidevu. Sijisifu, lakini angeonyesha nani?

Nikawapa siku tatu. Niliongea mpaka kijana wa kuandika akaishiwa na wino, nikamwazima kalamu yangu. Nikawaambia ulizaliwa siku radi ilipopasua mti wa kanisa. Nikawaambia habari za Ndalu, ulivyopiga gitaa sokoni kwa betri ya gari mpaka wanunuzi wa mahindi wakaacha mizani zao na akina mama wakacheza wimbo wa tenzi uliokuwa unanguruma kama trekta. Hiyo ni kweli tupu, nilikuwa nimeshika waya wa betri mwenyewe na ukaniunguza. Halafu nikawaambia habari ya shoka. Nilipofika hapo yule msichana aliacha kuangalia simu yake, akaniangalia machoni. Barasa, unajua mimi. Mtu akiniangalia hivyo siwezi kurudi nyuma.

Wakaenda. Mwaka ukapita. Jumamosi mbili zilizopita wakaileta Kitale, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa hoteli. Nilikuwa nimealika Kitale nzima. Nilivaa suti ya harusi yangu, vifungo vikakataa, nikaiacha wazi kama mtu mkubwa.

Filamu ikaanza na wewe umesimama gizani nyuma ya jukwaa. Nikamgusa jirani yangu kiwiko, nikamwambia sasa akili itarudi utotoni. Ikarudi.

Nakuja mimi. Nimechezwa na kijana mwenye mabega, meno yote, natembea katika mahindi nikiwa nimebeba gitaa imefungwa blanketi. Nakupa. Unalia. Ukumbi ukapiga makofi. Halafu anatokea baba yako. Mwalimu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata juisi ya zabibu kwenye meza ya Bwana huiuliza ilitengenezwa lini. Wamempa macho mekundu. Wamempa kata ya pombe ya busaa na shati lisilo na vifungo. Anapepesuka anatoka jikoni na shoka, anakunyang'anya gitaa mkononi, anailaza juu ya gogo. Shoka linapanda. Linakaa juu huko muda mrefu, jua linalimulika. Halafu linashuka polepole kama unyoya, na nyuzi zikalia kama watu. Wewe mdogo unapiga kelele, na mimi mwenye mabega naokota vipande kimoja kimoja. Ile jioni unaandika wimbo wako wa "Shoka" ukutani kwa mkaa, dakika tano, umemaliza. Wimbo uliokuchukua masika mawili, ukinichosha masikio na mstari mmoja mpaka nikakufukuza kwenye kibanda.

Taa zilipowashwa, mtangazaji akasema mjomba mwenyewe yuko hapa, asimame tumwone. Nikasimama. Nikapunga mkono. Akina mama walikuja kunishika mikono wakiwa na machozi. Mzee mmoja akaniambia bila wewe huyo kijana hangekuwa kitu. Nikamjibu, "Ni Mungu tu."

Nilisema ni Mungu tu, Barasa.

Ndipo mtangazaji akatangaza kwamba Jumamosi itakayofuata itaonyeshwa Bungoma, na mgeni wa heshima atakuwa Mwalimu, baba wa marehemu. Suti ilinibana ghafla mahali ambapo haikuwa imefungwa.

Kwa hivyo nakuambia sasa, kile nilichopaswa kukuambia ukiwa na masikio.

Desturi yetu unaijua. Kijana akienda kutahiriwa, siku ya mwisho anakimbia na njuga mikononi mpaka kwa ndugu ya mama yake. Khocha anamchinjia fahali, anamvika nyama shingoni, anampa zawadi mbele ya watu. Khocha asiye na kitu siku hiyo, aibu yake huandikwa mahali hakuna kifutio. Mimi nilikuwa nimetangazia kwetu Bokoli kote kwamba nitachinja dume la ukubwa wa lori. Kumbe kibanda kilikuwa kimefungwa mwezi mzima, televisheni imeungua, na nyumbani nilikuwa na beberu mmoja mwenye kikohozi.

Baba yako alisikia. Sijui dada ndiye alimwambia. Siku mbili kabla hujafika na njuga zako akaja Bokoli kwa baiskeli, peke yake, bila kuaga mtu, na gitaa imefungwa blanketi. Alikuwa ameinunua kwa kanisa moja la Kitale lililokuwa linabadilisha vyombo. Alikuwa ameificha juu ya dari akingoja upone akupe mwenyewe. Akaniambia, "Shemeji, mpe wewe. Iwe imetoka kwako. Mtoto asijue." Akanywa maji, akapanda baiskeli akarudi. Alitaka nisiaibike mbele ya watu wetu, hakuna sababu nyingine.

Na mimi nikakupa. Nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba niliifuata mpaka Kampala. Ukanikumbatia na nyama shingoni, mafuta yakaingia kwenye shati langu, na hakuna aliyeuliza tena habari za fahali.

Ukarudi Sirisia kukabili kisu. Gitaa ikabaki kwangu mpaka kidonda kipone. Wiki ya pili, siku ya soko, nikapanda nayo lori la mahindi kwenda Ndalu. Sikujua kupiga hata uzi mmoja. Nilitaka tu watu wanione nikiwa nimeibeba. Niliisimamisha katikati ya magunia, na mahali barabara ilipoliwa na mvua mzigo ukasogea, magunia matatu yakaiangukia. Shingo ilikatika, tumbo likapasuka. Hakukuwa na shoka wala busaa. Ni magunia matatu ya mahindi na kiherehere changu.

Ulipotoka kwenye kibanda cha kuuguza kidonda, jambo la kwanza uliulizia gitaa, hata kabla ya kunisalimu. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nakuapia nilifungua kwa ajili hiyo. Lakini mdomo wangu ulikuwa umetafsiri kile kisa cha baba anayevunja kitu mara mia, na kikatoka chenyewe, kimepikwa, kinatoa mvuke. Nikasema niliileta kwenu, baba yako akaiona, akachukua shoka. Uliniangalia tu. Halafu nikaongeza kufuli juu yake. Nikakuambia usimuulize, sasa wewe ni mwanaume, mwanaume aliyetoka kisuni hasimami mbele ya baba yake na maneno. Na kweli ulikuwa umeshajengewa kijumba chako, huingii tena chumbani kwake, hukai karibu naye kama zamani. Ilikuwa rahisi kunyamaza na kuiita heshima.

Na kwa baba yako nikaenda na uongo wangu mwingine. Nikamwambia umeibadilisha na viatu sokoni. Nikamwomba asikuulize, asimwaibishe kijana. Akasema, "Basi." Nadhani ilimuuma, lakini nilikuwa tayari nimeshika njia.

Mkakaa hivyo miaka kumi na minane. Wewe ukajitengenezea gitaa ya mbao za kreti na waya za breki za baiskeli, na juu yake ukatunga "Shoka." Ukaupiga Bungoma, Nairobi, Ujerumani. Kwenye redio walipokuuliza nani alikupa gitaa ya kwanza ulisema ni mimi. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nikasimama nikawaambia watu wote mle ndani, mmesikia?

Baada ya Kitale nilikuwa na wiki moja. Alhamisi nikaja hapa Sirisia kumwambia. Nilimkuta anapiga koti lake pasi ya makaa, amenunua tai mpya, na anaimba kwa pua. Alikuwa anaimba "Shoka." Akaniambia, "Unajua wimbo huu ni wetu, mimi na Barasa?" Nikamuuliza kivipi. Akanionyesha kwa dirisha nyuma ya jikoni. Jumamosi zenu za kupasua kuni, yeye anashika gogo, wewe unapiga. Alidhani ndizo ulizoziimba. Alikuwa amewafundisha hata walimu wenzake waliostaafu, wanauimba wakikutana, wazee wenye fimbo. "Mtoto hakusahau," akasema, akageuza koti upande wa pili.

Nikanywa chai vikombe viwili. Nikamwambia Mwalimu, hiyo filamu ni ndefu, viti ni vibaya, fikiria mgongo wako. Akasema kwa mtoto wake atakaa hata juu ya misumari. Nikaaga nikaondoka. Mimi niliyewahi kumfukuza fisi kwa kofia, nikashindwa na mtu mwenye pasi.

Jumamosi, Bungoma, ukumbi wa kanisa. Walikaa mbele, yeye na mama yako. Mimi nilikaa nyuma yao na sikuangalia filamu, niliangalia shingo yake. Macho mekundu yalipotokea shingo haikusogea. Busaa ikatokea, haikusogea. Shoka lilipopanda akavua miwani, akaifuta kwa ile tai mpya, akaivaa tena, kama kwamba kosa liko kwenye kioo. Mama yako akamnong'oneza kitu. Akatikisa kichwa polepole. Mwanamke mmoja kando yao akasonya, na hakujua anamsonyea nani, au labda alijua. Halafu wimbo ukaingia, ukumbi wote ukaimba "Shoka," na yule aliyeuimba kuliko wote alikuwa amefunga mdomo.

Sijawahi kupigwa na kitu kama mgongo ule. Nimegongwa na pikipiki mara mbili, na hii si chumvi, kovu unalijua.

Ilipokwisha, bafu na mvua na yote, wakampa maikrofoni. Alisimama kwanza kama anayengoja darasa litulie. Lilitulia. Akasema, "Habari ya pombe sitaijibu. Wanaonijua wananijua. Nataka kuuliza jambo moja. Mtoto wangu aliamini hivi?"

Yule msichana wa nywele za chungwa alijibu kwa upole, na upole wake ndio ulikuwa mbaya. Alisema habari walipewa na familia, na tena alikutana nawe mwenyewe Nairobi, kabla hujaugua, ukamwambia kwamba wimbo ule ni wa baba yako.

Mwalimu akasema, "Basi." Ile ile ya zamani. Akaanza kuketi, akiutafuta ukingo wa kiti kwa mkono.

Nikasimama. Nikasema ni mimi niliyevunja gitaa. Nikasema lori, nikasema Ndalu, nikasema magunia. Na watu wakacheka, Barasa. Nusu ya ukumbi ule wananifahamu. Mtu akasema, "Haya, ameanza." Mwingine akaniuliza magunia yalikuwa matatu ama thelathini. Kuna aliyepiga makofi. Miaka thelathini nimewapa uongo wakaula na mkate, na siku niliyoleta ukweli hakuna aliyenyoosha mkono. Nilitaka kuongeza kitu kidogo ili waamini, hata damu kidogo, hata ajali. Nilikuwa na maneno tayari. Ndipo nikayaacha, nikamgeukia yeye peke yake.

Nikamuuliza, "Mwalimu, ni nani alikuambia Barasa alibadilisha gitaa na viatu?"

Kicheko kilipungua chenyewe, safu kwa safu. Akasema, "Ni wewe."

Halafu nikamwona anakwenda nyuma kwa akili, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayekagua madaftari. Hakunitazama. Alimshika mama yako mkono, wakatoka kwa mlango wa kando, juani.

Nje nilimfuata yule msichana nikamwambia yote, kuanzia beberu. Alishika kichwa. Alisikitika kweli, sitamsingizia. Akasema filamu imekwisha, imeshatumwa hata ng'ambo, lakini anaweza kuongeza maneno mwishoni. Nikamwambia akate kipande kile cha shoka. Akaniambia, "Lakini mzee, hapo ndipo watu wanalia." Watu wanalilia kitu ambacho hakikutokea, na figo zako, zilizotokea, hazijapata chozi hata la mtu mmoja kwenye viti vile.

Jumatatu dada akanipigia simu, neno moja, njoo. Alinipa chai bila sukari na hakukaa nami. Mwalimu alikuwa hapa mezani. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hiyo ingekuwa nafuu. Akaanza kuongea akiangalia dirisha.

"Kila Krismasi alikuja. Anapasua kuni za mwaka mzima peke yake, hataki niguse shoka. Nikawa nawaambia walimu, ona heshima ya mtoto." Akavua miwani. "Kumbe hakutaka kuliona mkononi mwangu. Na bado alikuja."

Nikaiacha chai ipoe.

Akasema, "Alinisamehe kitu ambacho sikufanya. Nami nilimsamehe kitu ambacho hakufanya. Tungeulizana siku moja tu." Halafu akasukuma daftari hili mbele yangu, na kalamu. "Mwandikie. Usitie chumvi. Nitasoma."

Hii ndiyo ya tatu. Ya kwanza niliandika kwamba lori lilibingirika mara nne. Akauliza lilibingirika kweli? Nikasema hapana. Akachana. Ya pili niliandika kwamba nililia siku saba mchana na usiku. Akauliza siku ngapi. Akachana. Kwenye hii amepiga mstari mwekundu chini ya yule fisi wa kofia, lakini amesema amemwacha ili ujue ni mimi kweli ninayeandika.

Jumapili baada ya ibada tutakuja hapo ulipolala, wao wawili na mimi, na yeye ndiye atasoma. Amekataa nisome mimi. Anasema nikisoma nitaweka sauti. Kwa hivyo utasikia maneno yangu kwa koo la baba yako. Akikwama mahali, usimharakishe.

Sikuombi unisamehe. Katika nyumba hii msamaha umetumika vibaya vya kutosha. Ninachokuahidi ni hiki. Popote watakapoionyesha filamu hii, nitakwenda. Jumamosi hii wanairudisha Kitale, pale pale nilipopunga mkono. Kabla haijaanza nitasimama mbele yao niseme gitaa ilinunuliwa na nani na ilivunjwa na nani. Watacheka, najua watacheka. Nitabaki nimesimama mpaka wamalize, halafu nitasema tena. Na wakiipeleka Nairobi nitapanda basi. Sitaongeza kitu. Nimejaribu kusema hayo mbele ya mama yako jikoni, bila kuongeza kitu, na yanachukua muda mfupi kuliko kuvua viatu. Sikujua ukweli ni mfupi hivyo.

Pumzika, mtoto wa dada. Gitaa ile ulinunuliwa na baba yako. Niliyeivunja ni mimi. Na shoka, siku ile yote, lilikuwa nyuma ya jikoni limekitwa kwenye gogo, mahali mlipoliacha ninyi wawili Jumamosi ya mwisho kabla hujaenda kutahiriwa, na yeye hakulitoa, anasema alikuwa anangoja upone mje mlitoe pamoja.

Ni mimi khocha yako,
Wafula